Bandeji Niliyoifunga Siku ya Wageni

Mmeniomba, vijana wa chumba cha vidonda, niandike kidogo kuhusu kazi kabla sijaisahau. Sijaisahau. Nimechoka tu. Habari za kazini nilikuwa namsimulia mke wangu Rehema jioni tukimenya mihogo. Rehema alifariki kabla ya mfungo uliopita, na mimi nikastaafu muda mfupi baadaye, kwa hiyo sasa habari ninazo na wa kumwambia sina. Ndiyo sababu nimekubali. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyenyewe havikuwa vingi vya kunichelewesha.

Nilimaliza darasa la saba nikaingia hospitalini hapa Morogoro kama mfagiaji wa thieta. Siku ya kwanza nilipewa gambuti mbili, zote za mguu wa kushoto, nikazivaa hivyo hivyo wiki nzima kwa kuogopa kusema. Siku hiyo hiyo, kabla ya adhuhuri, Sista Adela aliyekuwa mkuu wa thieta alinikabidhi ndoo iliyofunikwa kitambaa cha kijani.

"Shika kwa mikono miwili," akasema. "Peleka mlango wa nyuma, wenyewe wanasubiri."

Ulikuwa mguu. Mguu wa mtu mzima una uzito ambao mtu hautarajii. Nje walikuwepo ndugu wawili waliokuja kuuchukua wakauzike. Mmoja akapokea ndoo, akanishukuru. Sikujua ninajibu nini, nikamwambia, "Karibu tena." Sista Adela alikuwa nyuma yangu. Alingoja waondoke, akaniambia taratibu, "Shomari, hapa hatusemi karibu tena." Hakulitaja tena mpaka anastaafu, lakini kila nilipobeba ndoo ya namna ile alikuwa ananitazama mdomo.

Ni yeye aliyenitoa kwenye fagio. Alinifundisha kukunja vitambaa vya thieta, kuhesabu vifaa kabla na baada, na kutengeneza gozi ya mafuta. Hilo la mwisho nyie hamlijui, mnaletewa kwenye pakiti. Sisi tulikata gozi, ile shashi nyeupe, vipande vya ukubwa wa kiganja, tukavipanga ndani ya kopo la bati, kila tabaka tukapaka vaselini, halafu kopo zima likaingia kwenye mashine ya mvuke. Ukizidisha vaselini kidonda kinalowa, ukipunguza gozi inang'ang'ania na mgonjwa anakutukana, na ana haki. Alinifundisha pia kutoa taarifa. Nilikuwa napenda kusema kidonda kinaendelea vizuri. Alikuwa ananikata: "Usiniambie ni kizuri. Niambie umeona nini."

Miaka ile mguu uliovunjika karibu na kifundo, nyama ikachanika na mfupa ukabaki wazi, ulikuwa na njia mbili tu. Ulikatwa, au uliachwa unuke miezi mingi halafu ukakatwa. Tuliwapokea wakata miwa wa Turiani, wakulima wa Gairo walioangukiwa na magunia, na pikipiki zilipozidi, tukapokea watu wa kila mahali. Njia ya tatu ililetwa na Dokta Lameki, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kumchora yeyote aliye karibu.

Alinichora mimi. Alinikalisha kwenye kiti cha thieta, akanikunja suruali, akaanza na kalamu. Ngozi ya kupandikiza, akasema, ni ile tunayoivuna pajani kwa kisu kirefu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ukiitandaza juu ya nyama nyekundu, inakunywa humo na inashika. Ukiitandaza juu ya mfupa mtupu, haina cha kunywa, inakauka. Kwa hiyo mfupa unahitaji kipande chenye maji yake mwenyewe: ngozi na mafuta yake, pengine na msuli, unakikata pande tatu, upande wa nne unauacha umeshikilia mishipa ya damu, halafu unakigeuza mpaka kifunike kidonda. Madaktari wanakiita flapu. Sisi wahudumu tulikiita kiraka hai. Jeraha likiwa chini ya goti, unaazima msuli wa shavu la mguu. Likiwa katikati ya ugoko, unaazima ule uliolala chini yake. Karibu na kifundo hakuna jirani mwenye nyama ya kuazimisha. Hapo unakichonga kiraka nyuma, kwenye shavu la mguu, unakipindua kielekee chini. Dokta aliweka nukta nyuma ya mguu wangu, vidole vitatu juu ya kifundo, upande wa nje.

"Huu ndio mlango wa damu," akasema. "Ukiubana huu, umeua kila kitu."

Nilirudi nyumbani na michoro yangu. Rehema aliniambia hata ng'ombe wa mnada huwa hawaandikwi kiasi kile.

Baada ya upasuaji, mtu wa kukiangalia kiraka ni mimi na wewe, siyo daktari. Unakigusa kwa mgongo wa kiganja: kiwe na joto. Unakibonyeza kwa kidole: rangi iondoke na irudi. Kwa ngozi zetu nyeusi rangi inadanganya, kwa hiyo ukiwa na shaka unakichoma kwa sindano. Damu nyekundu ikatoka bila kusita, shukuru. Ikatoka nyeusi na kwa wingi, damu inaingia ila haitoki. Isipotoka, umechelewa. Ili uyafanye yote hayo lazima bandeji iwe na dirisha, sehemu iliyoachwa wazi juu ya kiraka. Na mto usikae chini ya mlango wa damu. Hayo niliyajua. Nataka mkumbuke kwamba niliyajua.

Miaka michache kabla sijastaafu tulimpokea Tausi. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mkulima wa juu ya Kinole, ndizi na mananasi. Nyumba yake haifikiwi na gari wala pikipiki. Kutoka barabarani ni kupanda kwa miguu kama saa nzima, na kila anachokula na kuuza kinapita kichwani kwake. Alikuwa amesimama kando ya barabara na mkungu wake, bodaboda iliyobeba ndizi ikateleza kwenye tope ikamlalia mguu. Juu kidogo ya kifundo cha kulia, mfupa ulikuwa nje kwa upana wa viganja viwili vya mtoto. Dokta Lameki alisafisha, akafunga vyuma vya nje vya kushikilia mfupa, akamwambia kuna kiraka au kuna kukata.

"Nikikatwa nitaishi wapi?" Tausi akauliza. Hakuwa analia. Alikuwa anauliza kweli, kama anayetaka kuelekezwa nyumba.

Karatasi ya ridhaa hakuisaini. Kwetu Uluguru mtu ni wa upande wa mama, na wa kuamua jambo zito ni mjomba. Dokta alingoja siku mbili. Siku ya tatu akaingia wodini mjomba wake, Mzee Mloka, gambuti zake zina tope mpaka magotini, mwavuli mkononi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama, macho yapo kwa daktari.

"Wewe ni wa wapi?"

"Tabora, mzee."

"Mnyamwezi!" Mzee akawageukia wagonjwa wote. "Jamani, babu zake walipita hapa wamebeba mizigo, wakatuibia kuku. Leo mjukuu amerudi anataka mguu."

Wodi ikacheka. Dokta naye akacheka, mtani hana ruhusa ya kukasirika. "Kuku wenyewe walikuwa wamekonda, mtani," akajibu. "Ndiyo maana nimerudi kudai."

Utani ukaisha hapo. Mzee akaketi, akasikiliza kila kitu. Akauliza nyama ya kuziba itatoka wapi, akauliza shavu la mguu litabakije, akaambiwa kutabaki shimo na kovu. Halafu akanigeukia mimi, kwa Kiluguru.

"Wewe ni wa kwetu. Huyu amesoma, atanizungusha. Hicho kiraka kinaweza kufa?"

Jibu lilikuwa ndiyo. Dokta mwenyewe angemwambia ndiyo. Mimi nilimwona amechoka, ameteremka mlima tangu alfajiri, nikataka alale vizuri. Nikamwambia, "Hakifi, mzee. Nitakiangalia mwenyewe."

Akamwambia Tausi asaini.

Upasuaji ulikwenda sawa. Kiraka kilikaa juu ya mfupa kama kilizaliwa pale. Siku ya kwanza joto, siku ya pili joto, rangi inarudi. Siku ya tatu asubuhi tukaambiwa kuna wageni wakubwa wanakuja kutembelea wodi, na wodi ing'ae. Mnajua siku hizo. Kuta zinafutwa, mapazia yaliyopotea yanaonekana, maua ya plastiki yanatoka kabatini. Nisimsingizie mtu: hakuna aliyeniambia nizibe dirisha la bandeji. Niliambiwa wodi ing'ae. Kuziba niliziba mimi.

Nilikuwa na sifa ya kufunga bandeji. Mizunguko yangu ilipishana sawasawa kama ukili wa mkeka, wagonjwa wakaniita mwenye mikeka, na wanafunzi wa uuguzi waliletwa kuiangalia. Nikaona aibu wageni wamkute mgonjwa wangu na bandeji yenye tundu na nyama nje. Saa moja asubuhi nikafunga upya, nzima, safi, kuanzia vidoleni mpaka chini ya goti, nikiipitisha katikati ya vyuma. Mguu nikaunyoosha sambamba na mwenzake, mto nikauweka mraba chini yake. Sikuangalia mto umekaa wapi. Niliangalia kama umenyooka.

Kama saa tano Tausi akaniita. "Mzee Shomari, inabana."

"Vumilia mwanangu. Wageni wakipita nitailegeza."

Saa saba akaniita tena, nikamwambia vile vile. Wageni walichelewa, kama wanavyochelewa wote. Walifika saa tisa alasiri. Mmoja alisimama kwenye kitanda cha Tausi, akautazama mguu, akasema, "Hongereni, kazi safi." Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi.

Walipotoka nilifungua. Kiraka kilikuwa na rangi ya zambarau. Nikakibonyeza, hakuna kilichorudi. Nikachoma sindano, damu ikatoka nyeusi, ikitambaa. Mto ulikuwa umelalia ile nukta Dokta aliyonichora. Nilikimbia kumwita, nikiwa na umri wa kutokimbia. Dokta alikata nyuzi kadhaa pale pale kitandani ili kiraka kipumue, akainua mguu, akakaa kwenye stuli anakitazama. Baadaye akauliza, "Nani alifunga?"

"Mimi."

"Andika."

Nikaandika kwenye faili kwa mkono wangu: saa niliyofunga, saa niliyofungua, na kwamba mgonjwa alisema inabana mara mbili. Baada ya siku nne ikajulikana: sehemu kubwa ya kiraka imepona, ncha yake imekufa, na ncha ndiyo iliyokuwa juu ya mfupa. Mfupa ukawa nje tena. Dokta akawaeleza Tausi na mjomba wake kwamba damu haikupita vizuri. Alisema kweli. Ila hakusema kwa nini, na nadhani alinihifadhi.

Jioni nilimsimulia Rehema. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Na mwenye mguu anajua?"

"Dokta amewaeleza."

"Sijakuuliza Dokta."

Nikasema kumweleza sasa hakutarudisha nyama. Akasema, "Hakutarudisha. Kamwambie." Akaendelea na mihogo yake. Ndivyo alivyokuwa, hakuwa mtu wa kurudia.

Asubuhi nilikwenda. Mzee Mloka alikuwa amekaa kitandani kwa mpwa wake, maana ilibidi waamue tena: kukata, au kiraka cha pili. Nilisimama, nikasema nilichofanya, kuanzia wageni mpaka mto. Nikasema na lile nililomwambia mzee, kwamba hakifi, lilikuwa uongo. Tausi alikuwa ananitazama usoni.

"Mimi nilijua," akasema. "Mguu ni wangu, ulinibana mimi. Nilikuwa nasubiri kuona kama utasema."

Halafu akageukia ukutani.

Mzee akaniuliza hicho cha pili kikoje. Shavu la mguu ule lilikuwa limekwisha kuchukuliwa, kwa hiyo nyama ilibidi itoke mguu wa pili, ule mzima. Kipande cha shavu la mguu wa kushoto kinachongwa upande mmoja kikiwa kimeshikilia kwao, kinashonwa juu ya kidonda cha kulia, na miguu inafungwa pamoja kwa vyuma na plasta wiki tatu, haitengani, mpaka kiraka kijifunze kunywa damu ya upande wa pili. Ndipo kinakatwa kwao.

"Wiki tatu kama mbuzi wa kuchinjwa," mzee akasema. "Kinaweza kufa?"

"Kinaweza."

"Kikifa?"

"Mguu unakatwa. Na ule mzima utabaki na shimo bure."

Akavuta pumzi. "Haya. Sasa nimesikia." Akamgusa Tausi begani. "Mama, unasemaje?"

Tausi akajibu akiwa bado ametazama ukuta. "Nataka kwenda kwangu. Nipeni kalamu. Na bandeji afunge huyu huyu."

"Huyu?" mzee akashtuka. "Mwenye mikeka?"

"Huyu. Ameshajua kinavyokufa."

Wiki tatu zile ndizo ndefu kuliko zote nilizofanya kazi. Mtu aliyefungwa miguu hawezi kujigeuza, wala kukalia beseni bila watu wawili, na visigino vinachubuka usipoviinua kila saa chache. Wiki ya kwanza hakuzungumza na mimi ila la lazima. Nilimtafutia kioo kidogo cha kunyolea ndevu, nikawa nakishika chini ya miguu yake ili akione kiraka mwenyewe, asitegemee mdomo wangu. Akawa ananiambia rangi kabla sijamwambia. Kuanzia hapo kila mwenye kiraka wodini kwetu alipewa kioo. Kama hamvitumii tena, vipo droo ya chini ya kabati la bandeji.

Siku moja katikati ya wiki ya pili akasema, "Inabana." Nikafungua yote, nikaangalia, joto, rangi inarudi, nikafunga upya. Sijafika mlangoni, "Inabana." Nikarudi, nikafungua tena, nikafunga. Mara ya tatu nikiwa nimeshika mkasi akasema, "Haibani. Nilitaka kuona." Mgonjwa wa kitanda cha pili akaangua kicheko. "Mfungue tena, mzee, hujachoka!" Nilikuwa nimechoka. Lakini jioni hiyo Tausi aliniuliza jina la mke wangu.

Wiki ya tatu ilipokwisha Dokta alijaribu kwanza. Alibana shingo ya kiraka, pale kilipoungana na mguu wa kushoto, kwa mpira laini, tukasimama tunatazama saa ya ukutani, Tausi ameshika kioo. Kiraka kikibaki na joto, kinaishi kwa mguu mpya. Dakika zikapita. Nikabonyeza. Rangi ikaondoka. Ikarudi.

"Imerudi," Tausi akasema, kabla yetu.

Kesho yake thieta wakatenganisha miguu, na mashimo yaliyobaki nyuma wakayafunika kwa ngozi ya pajani. Mfupa uliunga polepole, vyuma vikatoka, akajifunza kutembea kwa magongo, halafu gongo moja, halafu bila gongo. Kifundo kilikuwa kimekaa bila kukunjwa muda mrefu mno. Kiliganda, na mazoezi hayakukirudisha. Kiraka cha kwanza kingepona, angetoka mapema na kifundo kinachokunjika. Dokta hakuwahi kuniambia hivyo. Nilijumlisha mwenyewe.

Siku ya kliniki ya mwisho nilijaza fomu yake. Kuna mstari unauliza hali ya mgonjwa, na nafasi ya neno moja au mawili. Niliandika: anatembea.

Mwaka mmoja baadaye nilikwenda Kinole kuzika ndugu yangu. Nikiwa nasubiri gari la kurudi mjini nikaona watu kwenye njia inayoteremka kutoka juu. Mbele walikuwa wanawake wawili, wanashuka haraka na mikungu kichwani, wanapiga soga. Nyuma yao, mbali, alikuwa mmoja anashuka kinyumenyume. Uso wake uliangalia mlima, mgongo uliangalia barabara, mkungu kichwani, mkono mmoja umeushika na mwingine unapapasa majani ya kando. Anatanguliza mguu wa kulia nyuma, anautafutia mahali, anauamini, halafu anashusha wa kushoto. Watoto waliokuwa wanapanda walimpisha bila kushangaa, walishazoea.

Sikumwita, nisije nikamshtua. Ilichukua muda. Alipofika tambarare akageuka, akaniona.

"Shikamoo, mzee Shomari."

"Marahaba, mwanangu. Unashuka hivi kila siku?"

"Kila siku ya soko. Kupanda naweza. Kushuka kifundo hakikunjiki, nikishuka kwa mbele naanguka." Akautua mkungu chini, akapangusa jasho. "Umeandika nini kwenye faili langu?"

Nikamwambia.

"Ni kweli," akasema. "Natembea." Akautazama mlima aliotoka, halafu akanitazama mimi. Gari likaja, nikamsaidia kupandisha mkungu, nikakaa nyuma yake mpaka mjini.

Faili lile huenda bado lipo, na mtakaolifungua mtakuta neno langu moja. Ongezeni hili, kwa mkono wowote: anashuka kinyumenyume, na bandeji ya siku ya wageni niliifunga mimi.